Seli nyekundu ya damu na selimundu: kuielewa kemia ya seli bila kukariri

Mleta mada

Habari zenu wanajukwaa. Nimefundisha baiolojia ya kidato cha tano kwa miaka kadhaa, na kila mwaka mada ya kemia ya seli ndiyo inayowakatisha tamaa wanafunzi mapema kuliko mada nyingine yoyote. Wanapewa kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nyuklia, wanazikariri kama mgeni anavyokariri majina ya vituo vya daladala vya mji ambao hajawahi kuukanyaga, kisha mtihani ukipita majina yote huondoka nao. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa molekuli hizo hufundishwa zikiwa zinaelea hewani, bila seli ya kukaa wala kazi ya kufanya.

Kwa hiyo nitachukua seli moja tu, seli nyekundu ya damu, na kuifungua. Seli hii imejinyima karibu kila kitu ili ifanye kazi moja, hivyo ni rahisi kuikagua. Isitoshe, ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tumeuona katika familia zetu au kwa majirani, unaonyesha waziwazi jinsi badiliko la mahali pamoja ndani ya molekuli moja linavyoweza kupanda ngazi baada ya ngazi hadi likawa maumivu ya mifupa ya mtoto.

Seli nyekundu ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8, kiasi kwamba ukizipanga ubavu kwa ubavu, milimita moja itabeba kama 130. Imefanana na kitumbua kilichobonyezwa katikati kwa vidole, juu na chini. Umbo hilo huongeza eneo la kupitishia hewa, hufupisha safari ya oksijeni kutoka kwenye utando hadi ndani, na huiachia seli nafasi ya kujikunja, maana kapilari nyingine, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba kuliko seli yenyewe, nayo hupita humo ikiwa imekunjwa kama godoro linalopitishwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe.

Utando wake ni tabaka mbili za fosfolipidi. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopatana na maji na mikia miwili ya mafuta isiyopatana nayo, na molekuli hizi zikiwa majini hujipanga zenyewe, vichwa vikielekea kwenye maji na mikia ikijificha katikati, bila kimeng'enya wala amri ya yeyote. Chini ya utando huo kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, ambao ndio unaoiwezesha seli kujikunja na kurudi katika umbo lake. Hiyo ndiyo lipidi mnayoulizwa kwenye mtihani. Kabohaidreti nayo ipo juu ya uso wa seli ikiwa katika minyororo mifupi ya sukari, na makundi ya damu ya A, B na O yanatokana na sukari ya mwisho kabisa ya minyororo hiyo: mwenye kundi A ana sukari moja nchani, mwenye B ana nyingine inayokaribiana nayo sana, na mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili. Ukimwongezea mtu damu isiyolingana na yake, kingamwili zake zinaweza kumuua kwa sababu ya tofauti ndogo kiasi hicho.

Vipi kuhusu asidi nyuklia? Hapa seli yetu inashangaza. Inatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, ambao kwa mtu mzima hutoa seli zipatazo milioni 2 kila sekunde, na kabla ya kuingia kwenye mkondo wa damu huwa imeshatema kiini chake pamoja na DNA yote iliyomo. Muda mfupi baadaye hupoteza pia mitokondria, vinu vyake vya nishati, na ribosomu, mitambo ya kujengea protini. Tangu hapo haiwezi kutengeneza protini mpya wala kukarabati iliyochakaa, na ndiyo maana huishi siku 120 hivi, kisha humezwa na seli walinzi walioko hasa kwenye bandama na ini. Nishati yake huipata kwa kuvunja glukosi bila kutumia oksijeni, ikipata faida ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi. Yaani mchukuzi wa oksijeni ya mwili mzima haionji oksijeni anayoibeba.

Nafasi yote iliyobaki imejazwa himoglobini, molekuli zipatazo milioni 270 ndani ya seli moja. Naomba muikumbuke hali hii ya kubanana, kwa maana ndiyo itakayotuletea matatizo huko mbele.

Himoglobini ni protini, na protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo ziko za aina 20. Kila asidi amino ina sehemu inayofanana na ya wenzake, ambayo ndiyo inayoshikana kujenga mnyororo, na sehemu ya pembeni inayoipa tabia yake: nyingine zina chaji hasi, nyingine chaji chanya, nyingine hazina chaji lakini zinapatana na maji, na nyingine ni za mafuta. Mnyororo ukiwa ndani ya maji hujikunja kwa kufuata tabia hizo, zile za mafuta zikikusanyika ndani na zile zenye chaji zikibaki nje zikigusa maji. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja, jumla 574. Kila mnyororo umekumbatia bamba dogo liitwalo himu, na katikati ya himu kuna atomu moja ya chuma inayoshika molekuli moja ya oksijeni. Chuma hicho hushika oksijeni na kuiachia bila kupata kutu, kwa sababu protini imekizingira kwa namna inayozuia oksijeni kukinyang'anya elektroni moja kwa moja.

Nitaendelea na selimundu baada ya kusoma maswali yenu.

Mwanafunzi wa kidato cha tano

Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa kwamba himoglobini hushika oksijeni kwenye mapafu. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini iiachie ikifika kwenye misuli. Kama inaishika vizuri, si ingebaki nayo?

Mleta mada

Marahaba. Swali lako ndilo ambalo kitabu kinapaswa kuanza nalo. Molekuli ambayo ingeshika oksijeni kwa nguvu sana isingekuwa na manufaa yoyote, kama ilivyo kwa mchukuzi anayekataa kutua mzigo mlangoni.

Minyororo minne ya himoglobini husikilizana. Mmoja ukishika oksijeni, umbo la molekuli nzima hubadilika kidogo na mingine hupata wepesi wa kushika. Mmoja ukiachia, mingine nayo hulegea. Kwa hiyo kwenye mapafu, ambako oksijeni ni nyingi, himoglobini hujaa kwa asilimia 97 hivi, na kwenye misuli, ambako oksijeni ni kidogo, huanza kuachia. Mtu akiwa amepumzika, damu inayorudi moyoni bado ina karibu asilimia 75 ya shehena yake, na hiyo iliyobaki ndiyo akiba ya mtu atakayelazimika kukimbilia basi ghafla.

Jambo la pili ni asidi. Msuli unaofanya kazi hutoa kaboni dioksidi, nayo ikiingia kwenye seli nyekundu hukutana na kimeng'enya kinachoiunganisha na maji kwa kasi kubwa mno na kuwa asidi ya kaboni, ambayo hugawanyika kuwa bikaboneti na ioni za haidrojeni. Ioni hizo hujishika kwenye himoglobini na kuifanya ilegeze mshiko wake wa oksijeni. Maana yake ni kwamba msuli unaofanya kazi zaidi hujiitia oksijeni zaidi kwa uchafu wake wenyewe. Bikaboneti husafiri kwenye utegili wa damu, yaani majimaji yake, hadi kwenye mapafu, na huko safari nzima hugeuka kinyume. Ukiulizwa kaboni dioksidi nyingi husafirishwa kwa njia gani, jibu ni hilo la bikaboneti, takriban asilimia 70; wengi hujibu kwamba inabebwa na himoglobini kama oksijeni, na hukosa alama.

Mleta mada

Sasa selimundu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya mgonjwa wake, kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada kusomea udaktari wa meno, ambaye damu yake chini ya hadubini ilionyesha seli nyembamba zilizopinda kama mundu. Kwa karibu miaka 40 iliyofuata hakuna aliyejua kasoro yenyewe ilikuwa wapi hasa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko California, waliweka himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya kwenye uga wa umeme, wakaona kwamba haziendi kwa mwendo mmoja. Tofauti ilikuwa ya chaji. Walipopima damu ya watu waliorithi jeni moja tu ya ugonjwa huo, ambao hawakuwa wagonjwa, walikuta mchanganyiko wa aina zote mbili. Pauling akauita ugonjwa wa molekuli, na nadhani hapo ndipo kemia na udaktari zilipokaa meza moja kwa mara ya kwanza kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza.

Jibu kamili lilitolewa mwaka 1957 na Vernon Ingram, Cambridge, baada ya kuikata protini hiyo vipande vidogo kwa kimeng'enya na kulinganisha kipande kimoja kimoja. Vyote vilifanana isipokuwa kimoja. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki palikuwa na valini. Kwenye DNA, herufi tatu zinazoagiza asidi amino hiyo ni GAG, na kwa mwenye selimundu ni GTG. Herufi moja tu.

Sasa rudini kwenye yale tuliyosema kuhusu tabia za asidi amino. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji, kwa hiyo inastahili kukaa juu ya uso wa protini. Valini ni ya mafuta, na imewekwa pale pale nje, mahali ambapo asidi amino ya mafuta haina amani. Wakati himoglobini imebeba oksijeni, jambo hilo halina madhara makubwa. Ikiachia oksijeni, umbo lake hubadilika kama tulivyoona, na kwenye mnyororo wa beta hufunguka kijishimo chenye asidi amino nyingine za mafuta, ambacho valini ya molekuli jirani inaingia sawasawa. Molekuli ya kwanza hushikwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na hatimaye hujengeka nyuzi ndefu, ngumu, kila uzi ukiwa na nyuzinyuzi 14 zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Nyuzi hizo husukuma utando kutoka ndani na seli hupinda.

Kumbukeni pia ule msongamano wa milioni 270. Uundaji wa nyuzi hutegemea mno ukolezi wa himoglobini, kiasi kwamba seli ikipoteza maji kidogo tu, muda wa kuanza kwa nyuzi hupungua sana. Ni kama mashindano kati ya muda na njia: seli ikivuka kapilari na kufika kwenye mapafu kabla nyuzi hazijajengeka, oksijeni huingia na hatari hupita, ikichelewa, hugandia njiani, huziba, zilizo nyuma yake nazo huchelewa na kupinda, na sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa, na kwa watoto wachanga mara nyingi huanza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu.

Mtaalamu wa maabara

Nashukuru kwa uzi huu, ila naomba kuongeza jambo moja kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba seli za mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu, yaani AS, haziwezi kupinda kabisa. Zinaweza. Katika kipimo cha zamani tunachanganya tone la damu na kemikali inayoondoa oksijeni, tunafunika kwa kioo, tunasubiri na kutazama kwenye hadubini. Damu ya AS na ya SS, yaani ya mgonjwa mwenye jeni zote mbili, zote hupinda, na kipimo husomeka chanya kwa wote wawili. Nimekutana na watu waliopewa jibu la "una selimundu" kwa kipimo hicho peke yake, wakaishi na hofu kwa miaka mingi, kumbe ni wabebaji tu. Ili kuwatofautisha ni lazima himoglobini yenyewe itenganishwe, kwa umeme kama alivyofanya Pauling au kwa mashine za kisasa zaidi.

Mleta mada

Sahihisho limepokelewa, na nakubali kwamba maelezo yangu yaliruka hatua hiyo. Ndani ya mwili, seli ya AS ina zaidi ya nusu ya himoglobini ya kawaida, ambayo hukatiza ujenzi wa nyuzi, na oksijeni haishuki kufikia kiwango cha kwenye kioo cha maabara, hivyo kwa kawaida mbebaji haumwi.

Kwa kuwa tumefika kwa wabebaji, hapa kuna kipande cha historia kinachotuhusu moja kwa moja. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alirudi huko mwaka 1949 pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford na kukusanya damu za watu wa maeneo mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria aliwakuta wabebaji wengi, katika jamii nyingine zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, ilhali kwenye nyanda za juu walikuwa nadra. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yake, yakiwemo ya watoto aliowachunguza Uganda, akionyesha kwamba wabebaji hupata kinga dhidi ya malaria. Leo inajulikana kuwa kinga hiyo ni kubwa hasa dhidi ya malaria kali, ile inayoua watoto. Jeni iliyomtesa aliyerithi mbili ilimwokoa aliyerithi moja, na ndiyo maana haikupotea katika maeneo yenye mbu.

Mzazi

Mwalimu, mimi si mwanafunzi, nina mtoto wa miaka minne mwenye selimundu. Nina maswali matatu. Alizaliwa akiwa mzima kabisa, mbona ugonjwa ulianza akiwa na miezi saba? Jirani ananishauri nimpe dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, je, ni sawa? Tena ndugu wa mume wangu wanasema ugonjwa umetoka upande wangu.

Mleta mada

Pole sana, Mama, na asante kwa kuuliza hadharani, kwa kuwa wengine wanasoma kimya kimya.

Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini ya watu wazima. Ana himoglobini ya utotoni, ambayo badala ya minyororo ya beta ina minyororo ya gama, nayo hushika oksijeni kwa nguvu zaidi ili aweze kuivuta kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Jeni ya gama haina kasoro ya selimundu. Baada ya kuzaliwa, mwili huipunguza polepole na kuiwasha ile ya beta, na kwa kawaida dalili huanza kuonekana kati ya miezi minne na mwaka mmoja. Mwanao alizaliwa na jeni hizo. Zilikuwa hazijaanza kazi.

Kuhusu chuma, upungufu wake wa damu kwa kawaida hautokani na kukosa chuma. Seli za mundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na chuma chake hurudi mwilini kutumika tena. Himu iliyobaki hugeuzwa kuwa bilirubini, yenye rangi ya manjano, ndiyo hiyo unayoiona machoni pake. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na chuma kilichozidi, na chuma kilichozidi huharibu ini na moyo. Kwa hiyo usimpe dawa hizo mpaka daktari wake apime na kuthibitisha kwamba chuma kimepungua kweli. Kinachotolewa kwa kawaida kliniki ni asidi ya foliki, kwa sababu uboho wake unazalisha seli mpya kwa kasi, kila seli inayogawanyika lazima inakili DNA yake kwanza, na unakili huo unahitaji foliki. Maji ya kutosha nayo si ushauri wa juu juu. Rejea maelezo ya ukolezi hapo juu.

La tatu nalijibu kwa herufi. Mtoto mwenye SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Haiwezekani itoke upande mmoja peke yake. Wazazi wawili wenye AS, katika kila mimba, wana uwezekano wa robo kupata mtoto SS, nusu kupata AS, na robo kupata AA, na mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu ya inayofuata. Wanaomtazama mama peke yake wanakanushwa na hesabu hii.

Mwanafunzi wa kidato cha tano

Mwalimu, kama ile himoglobini ya utotoni haina kasoro, kwa nini mwili usiiwashe tena?

Mleta mada

Umefika mahali walipofika watafiti. Dalili ilionekana mapema, mwaka 1948, daktari Janet Watson wa New York alipobainisha kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu haipindi kwa urahisi kama ya mama zao wabebaji. Mnyororo wa gama ukiwemo ndani ya seli huingia katikati ya foleni na kuukata uzi. Dawa ya haidroksiyurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huu na inayotumika pia kwenye kliniki zetu, hufanya kazi kwa kiasi kikubwa kwa kuongeza himoglobini hiyo ya utotoni, japo ni lazima mgonjwa apimwe damu mara kwa mara kwa kuwa dawa hiyo huweza kupunguza seli nyeupe kupita kiasi.

Njia ya pili ni mpya. Kuna protini inayoitwa BCL11A, ambayo ndiyo inayoizima jeni ya gama baada ya mtoto kuzaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli mama za uboho huchukuliwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe na sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A katika seli za damu hukatwa. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani, kisha hurudishiwa seli zake. Gharama yake bado haifikiki kwa familia nyingi, hata huko ilikoidhinishwa. Ila tazama kilichofanyika kwa jicho la kemia: mzimaji amezimwa, gama imerudi kazini, nyuzi zinakatika kabla hazijawa kamba, na ile herufi T iliyoanzisha yote haya imeachwa pale pale ilipo.